Kabla hujakaa mbele ya kamera Uingereza

Ndugu zangu mnaotaka kazi ya kufuatilia kamera za ulinzi hapa Uingereza, anzeni na makaratasi, kozi baadaye. SIA, mamlaka inayotoa leseni za ulinzi binafsi, hukagua rekodi yako ya jinai. Kama ndani ya miaka 5 iliyopita uliishi nje ya nchi miezi 6 mfululizo au zaidi, watataka na cheti cha huko. Kwa aliyetoka Kenya ni kile cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Kiagize mapema. Ada ya maombi hairudishwi, usilipe huku cheti hujakishika mkononi.

Leseni hutolewa kwa waliotimiza miaka 18, na hudumu miaka 3. Kwa kamera zinazofuatilia watu, ya ubaunsa haitoshi, hata kampuni iliyokuajiri ikikuambia uanze tu. Kufanya kazi bila leseni inayotakiwa ni kosa chini ya sheria ya ulinzi binafsi ya mwaka 2001, na kifungo chaweza kufika miezi 6. Utakayeshtakiwa ni wewe.

Darasani wengi husinzia kwenye somo la sheria. Msisinzie. Kamera inayozunguka na kuvuta karibu inaweza kuingia chumbani kwa mtu kupitia dirishani, na kumbukumbu itaonyesha ni nani aliyeielekeza huko.

Lakini lililonitesa mimi ni saa. Usiku mmoja kijana alivunja kioo cha duka, nami kichwani nikasema saa nane na dakika kumi, mkono ukaandika 08:10 kwenye daftari la matukio. Siku ya pili polisi walikuja kuchukua picha. Tukafungua 08:10: barabara imejaa watoto wanakwenda shule, kioo tayari kimevunjika. Tulihangaika mpaka msimamizi akaniuliza, "Ilikuwa usiku, sivyo?" Ilikuwa 02:10. Nikakata kosa kwa mstari mmoja, nikaandika sahihi pembeni na kutia herufi za jina langu. Usifute kabisa wala kupaka rangi nyeupe. Daftari lile linaweza kufika mahakamani.

Tangu hapo, nikiingia zamu nalinganisha kwanza saa ya mtambo na saa sahihi, na tofauti yoyote naiandika, hata ya sekunde. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma, nakagua kamera moja moja.