Maswali yenu ya taka: gari, kikao na mboji inayonuka

Nusu ya maswali ya safari hii ni lile lile la gari. Nalianza hilo ili tulimalize.

Gari la taka halijapita wiki tatu. Naweza kuchoma uani? (Kimara)

Hapana. Nililijibu hili wakati wa masika, nikalijibu tena kiangazi. Moshi wa plastiki unaingia kwa jirani mwenye kichanga, na wewe mwenyewe unalala nao. Kiroba chako kinanuka kwa sababu umetia maganda ya ndizi na vichwa vya dagaa pamoja na chupa na maboksi. Toa kilicho kibichi: vichwa vya dagaa vifukie, maganda yafanye mboji. Kikavu kitasubiri gari hata mwezi bila kumkera mtu.

Mwenyekiti ametangaza mkutano wa mtaa, tutoe maoni kuhusu mzabuni mpya wa kuzoa taka. Nikienda niseme nini? Au tunaitwa kupiga makofi tu? (Tabata)

Nimefurahi swali hili limetoka Tabata, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza nenda, na ukae mpaka mwisho, maana taka huwekwa kwenye "mengineyo" watu wakishaanza kuchungulia saa. Uliza gari litapita siku gani, na lisipopita ada ya wiki hiyo inakuwaje. Uliza risiti itatoka kwenye mashine au kwenye daftari la kijana anayepita milangoni. Kwenye vichochoro ambako gari haliingii, nani ataleta guta? Ghuba la kukusanyia taka litakaa ubavuni kwa nani, na je, huyo mtu yupo kikaoni? Kisha ng'ang'ania majibu yaingie kwenye muhtasari, kwa sababu ahadi ya mdomo mzabuni haijui. Na mwambieni mwenyekiti awaite waokota chupa. Hakuna mtu kwenye huo mtaa anayejua taka zenu kuwazidi wao, na sijawahi kuona kikao kikiwapa hata benchi.

Sasa, kwa nini Tabata. Wazee wa hapo watakukumbusha kwamba mwaka 1988 wakazi waliipeleka Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi karibu na makazi yao, na wakashinda. Jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka pale na kutafuta mahali pasipodhuru watu. Likawa linarudi kuomba kuongezewa muda, hadi Jaji Lugakingira akashangaa kwamba hajapata kusikia mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Taka zikajaribiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baadaye zikapita Vingunguti, zikapita Mtoni, ndipo zikafika Pugu Kinyamwezi.

Hao wakazi nawavulia kofia. Ila tuambiane ukweli: baada ya kesi zote hizo taka hazikupungua hata kiroba kimoja, zilibadilisha majirani tu. Kwa hiyo ukisimama kikaoni usiishie kusema "zipelekwe mbali". Huko mbali kuna mtu anapika chakula cha jioni. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani Dar ni mabaki ya chakula na maganda, na hayo hayana sababu ya kupanda lori kwenda Pugu. Ombeni kipande cha ardhi cha mboji, hata nyuma ya ofisi ya mtaa. Kinondoni tayari ina mtambo wa mboji Mabwepande, uliojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba ni mambo ya Ulaya yasiyowezekana hapa.

Nimefuata ushauri wako wa mboji. Inanuka, ina funza, na mume wangu amesema nichague kati yake na ndoo. (Mbezi)

Chagua maranda, mama. Mboji inayonuka imezidiwa na maji na imekosa hewa. Kila ukitia ndoo moja ya mbichi, funika na ndoo mbili za kikavu: maranda kutoka kwa fundi seremala, majani makavu, maboksi yaliyochanwachanwa. Geuza kwa koleo kila wiki. Ikishika vizuri utasikia joto ukiingiza mkono katikati. Funza si adui, wanakula mabaki, na ukifunika vizuri watapungua wenyewe. Mabaki ya nyama, samaki na wali wa mafuta usitie, hayo yanaita panya, na panya wakija nitakuwa upande wa mume wako. Baada ya miezi mitatu au minne upate udongo mweusi unaonukia kama shamba baada ya mvua.

Pampers zinaoza kwenye mboji?

Haziozi. Na mtaroni pia haziozi, nyie mnaozitupa mvua ikinyesha.

Kwa nini tusijenge mtambo wa kuchoma taka tupate umeme, kama Ethiopia? (Ilala)

Mzee wangu, umewahi kuwasha jiko kwa kuni mbichi? Taka zetu zimejaa maji ya matikiti na maganda ya mihogo. Ili ziwake unapoteza joto jingi kukausha kwanza. Addis Ababa walizindua mtambo wao wa Reppie mwaka 2018, jirani na dampo la Koshe, ambalo mwaka mmoja nyuma liliporomoka na kuua zaidi ya watu 100. Agosti 2024 dampo la Kiteezi, Kampala, nalo liliporomoka juu ya nyumba za watu, wakafa zaidi ya 30. Taka mbichi zikirundikwa zinatoa gesi, zinashika maji, kisha mlima unateleza. Kabla hatujazungumzia mitambo ya mabilioni, tuulize nani anapima urefu wa rundo letu na nani amejenga chini yake.

Natenganisha chupa vizuri kabisa. Gari likija, vijana wanazimwaga pamoja na taka nyingine. Si kazi bure? (Sinza)

Una haki ya kukasirika, lakini kwa nini chupa inafika kwenye gari? Chupa ya maji ina bei kwa kilo, na kijana wa chupa anapita kwenu alfajiri. Mfungie kiroba chake, kiweke getini siku moja kabla ya gari. Mifuko laini usimwekee, haina mnunuzi. Chupa ziwe tupu, vifuniko vyake humo humo. Na madereva mnaojisaidia kwenye chupa mkiwa kwenye foleni: huyo kijana anazifungua kwa mkono.