Ukiwa na mafua, weka kijiko chini

Jana kijana wa fildi kaingia shifti ya asubuhi pua imeziba, anaongea kama yuko ndani ya pipa, na bado anaonja mchuzi. "Ulimi mzima, shefu!" Nikamnyang'anya kijiko. Haya, wanangu, someni wote.

1. Ulimi unajua chumvi, sukari, uchachu, uchungu na ule unono wa supu ya mifupa. Basi. Viungo ni kazi ya pua. Harufu hupanda kwa nyuma ya koo unapotafuna. Ziba pua utafune mdalasini: utatafuna kijiti.

2. Pilipili ikikuwasha usishangilie. Ule ukali una mshipa wake wa fahamu, hauhusiani na kunusa.

3. Pua wazi si pua nzima. Hili nililijua 2021, corona iliponipitia. Mafua ya kawaida mara nyingi huziba njia tu; corona hushambulia seli zinazozilea neva za harufu, kwa hiyo unapumua vizuri na hunusi kitu. Mimi nilidhani ni uchovu. Pilau ya harusi, watu 200. Naonja: maji ya kuoshea mchele. Nikaongeza bizari nyembamba. Bado. Nikamfokea mtu wa stoo kwamba ananunua bizari kuukuu, maskini wa Mungu. Nikaongeza chumvi, kisha karafuu, konzi nzima, kisha nyingine. Mama anayeosha vyombo akapita, akasimama, akauliza kwa upole: "Shefu, wageni wa leo wote wanaumwa meno?" Jikoni kimya. Nikainamia sufuria, mvuke ukanipiga usoni, wa moto, mzito, hauna harufu yoyote. Hapo ndipo nilipoogopa. Pilau ikamwagwa, tukapika wali mweupe mbiombio. Na kijiko kile kile nilikuwa nimeshakizamisha kwenye masufuria manne. Sitaki hata kukumbuka.

4. Kama hunusi, usiwe wewe wa kuwasha gesi alfajiri.

5. Pua hufundishwa upya. Mtafiti wa harufu Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walieleza njia hiyo 2009: waridi, limau, mkaratusi na karafuu (Wapemba mpo?), unanusa mara mbili kwa siku, wiki 12. Nilifanya, tena karafuu zenyewe zile zile zilizoniaibisha. Harufu zilirudi zimepinda: kitunguu kwenye mafuta kilininukia mpira unaoungua. Kwa miezi mitano nikawa mtu wa chapati tu, mchuzi wakaonja wengine.