Kosa 1142 halitibiwi kwa root (mimi nililitibu hivyo, Hajji akapoteza wadeni)

Wewe wa kompyuta ya bursa, ondoa mkono kwenye kibodi. Hiyo amri uliyobandikiwa hapo juu, GRANT ALL ON *.* kwa root@'%' (kumpa root, mtumiaji mkuu wa hifadhidata, haki zote kutoka mashine yoyote), usiiguse. Nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya rolex (chapati ya mayai) Wandegeya, nikajikuta nasema "wewe, wewe, wewe!" kwa sauti mpaka muuza chapati akadhani nalalamikia mayai.

Kwa anayeingia sasa hivi: jamaa ana seva ya Ubuntu yenye MySQL 8 (programu ya hifadhidata) kwenye maabara ya shule, na kompyuta ya Windows kwa bursa, zote kwenye swichi moja. Akikaa kwenye seva yenyewe anaunda jedwali la malipo bila tatizo. Akikaa kwa bursa anaingia, anasoma data, lakini akiandika CREATE TABLE anapigwa kosa 1142: CREATE command denied to user 'bursa'@'192.168.1.24'. Ameuliza pia afanyeje ili IP ya seva isibadilike kila umeme ukikatika, kama Wi-Fi inatosha au atandaze kebo, na kwa nini jedwali la "Wanafunzi" halionekani wakati lipo. Nitayafikia nitakayoyawahi.

Kwanza lisome hilo kosa mpaka mwisho. Limekutajia jina la akaunti na anwani ya mashine yako. Maana yake seva imekuona, imekagua nywila, imekufungulia. Geti umepita, askari umemsalimia, umekaa sebuleni na soda mkononi. Ulichokatazwa ni kuingia jikoni. Sasa mtu anayekwambia uzime ukuta wa moto ili uingie jikoni, yeye ameona neno "denied" akaacha kusoma.

Shida ya mtandao ina namba zake. Ukiona 2003, hujafika kabisa: seva imezimwa, au inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani yenyewe tu (angalia bind-address ndani ya mysqld.cnf, faili la mipangilio), au ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu, imefunga mlango 3306 wa MySQL. Ukiona 1130, umefika lakini mashine yako haimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. 1045 ni jina au nywila. Wewe una 1142. Kebo yako nzima, mlango wako wazi, nywila yako sawa. Kilichobaki ni ruhusa, basi. Ni mstari mmoja.

Nami nilikuwa na mstari mmoja tu. Nikautafutia panga.

Mwaka 2022 nilikuwa naangalia mfumo wa stoo wa mfanyabiashara mmoja wa jumla pale Kikuubo, Kampala. Tumwite Hajji, kama kila mtu alivyomwita. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, wateja kutoka Busia, Hoima, Arua, wengi wao wanachukua mzigo leo na kulipa wakirudi. Seva ilikuwa chumba cha juu, kaunta iko chini, na mimi na laptopu yangu popote penye soketi. Hajji akataka madeni yaingie kwenye kompyuta. Nikataka kuunda jedwali la wadeni kutoka kwenye laptopu. 1142. Kama wewe, neno kwa neno.

Kulikuwa na fundi mmoja aliyefunga ile seva mwanzoni. Simtaji, kwanza ana familia, pili ana laptopu yenye stika nyingi kuliko vitufe, na watu wa namna hiyo huwa na marafiki wengi. Nikampigia. Hakuniuliza kosa linasema nini. Alisema, nakumbuka vizuri, "Ssebo, hiyo ni mtandao tu, huo ni wa ndani, nani atakuingilia? Tumia root." Akaunda root@'%', yaani root anayeweza kuingia kutoka mashine yoyote, akampa haki zote juu ya kila kitu, na nywila ikawa jina la duka na 123. Dakika nne. Jedwali likaundwa. Nikamnunulia soda. Soda ile inaniuma kuliko hela zilizopotea.

Tatizo halikuwa mwizi wa mtandaoni, ingawa angeweza kuwa. Tatizo lilikuwa mimi. Root hakuulizi kitu. Unamwambia vunja, anavunja, anakuonyesha alama ya kijani.

Kwenye laptopu nilikuwa na MySQL yangu ya majaribio, na hifadhidata yake niliipa jina lile lile la seva: duka. (Usicheke. Nenda kaangalie yako inaitwaje.) Kule nilikuwa na jedwali la wadeni lenye watu watatu wa uongo: Mteja A, Mteja B, na wa tatu, kwa sababu ilikuwa usiku na nilikuwa nimechoka, nilimwita Bata Mzinga, anadaiwa milioni moja. Nililitoa kwa mysqldump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata, nikapata faili wadeni.sql. Miezi mitatu ikapita, jedwali la kweli likajaa wadeni wa kweli.

Kuna jambo fundi wako hatakwambia, hata wangu hakuniambia: mysqldump, usipoizuia, kabla ya kuandika CREATE TABLE inaandika DROP TABLE IF EXISTS. Yaani faili la kujenga linaanza kwa kubomoa. Ukitaka isibomoe, inabidi uiambie mwenyewe kwa --skip-add-drop-table.

Siku hiyo nilikuwa na vichupo viwili ndani ya Workbench, dirisha la kuandikia amri za MySQL, kimoja cha laptopu, kimoja cha seva. Rangi moja, fonti moja, hifadhidata mbili zenye jina moja. Nikafungua wadeni.sql nirudishe majaribio yangu. Nikabonyeza ile radi, kitufe cha kutekeleza. Kijani, kijani, kijani. Nikaenda kunywa chai.

Simu ikaita. Hajji, sauti ya chini kabisa, ile sauti ya mtu mzima anayejizuia.

"Mwanangu, Bata Mzinga ni nani?"

Nikanyamaza.

"Namdai milioni moja hapa. Ila watu wa Arua wote siwaoni. Wamelipa?"

Nilipanda ngazi mbili mbili. Nikafika, nikafungua lile dirisha, nikaandika ROLLBACK, amri ya kurudisha nyuma. Nataka uione hii, kwa sababu ni ukatili wa aina yake: MySQL ikanijibu Query OK, 0 rows affected. OK! Imenisikia, imekubali, haijarudisha kitu. Amri za kuunda na kufuta majedwali zinajithibitisha zenyewe papo hapo, hakuna cha kurudi nyuma. Nikaiandika tena. OK tena. Mara ya tatu niliiandika kwa herufi ndogo, labda ingenihurumia.

Bakapu ya mwisho ilikuwa na siku 19. Nikajifariji: MySQL 8 inawasha logi ya mabadiliko yenyewe, na inaihifadhi siku 30 usipoibadilisha. Unarudisha bakapu, halafu unachezesha logi kwa mysqlbinlog mpaka sekunde moja kabla ya ule ujinga, unasimama hapo. Watu wameokolewa hivyo. Nikaingia kwenye mysqld.cnf, nikakuta mstari mmoja: disable_log_bin. Fundi aliuweka. Diski ilikuwa inajaa, akaona logi ndiyo adui. Kilichojaza diski ni filamu za VJ (zile zenye mtafsiri anayesimulia juu yake), gigabaiti kwa gigabaiti, vijana wa stoo walikuwa wanazihifadhi kwenye seva kwa sababu chumba cha juu kina feni. Filamu zilibaki zote. Wadeni wakaondoka.

Tulikaa usiku tatu na vitabu vya risiti, mimi na binti wa kaunta, karatasi za kaboni ambazo namba 1 na 7 ni ndugu. Wateja nao! Mtu aliyekuwa anachukua katoni arobaini kila wiki akasema hamkumbuki Hajji vizuri. Mama mmoja wa Busia peke yake alipiga simu mwenyewe, akasema, "Hajji, mimi ninazo zako 380,000, mbona hamnisumbui siku hizi?" Tulipomaliza hesabu, shilingi 6,400,000 hazikuwa na mwenyewe. Hajji hakunifukuza. Alinikata 150,000 kila mwezi kwa miezi kumi, na mpaka leo akiniona ananiuliza Bata Mzinga hajambo.

Sasa rudi kwenye hilo kosa lako. Akaunti inayoingia kupitia waya haipewi DROP. Hata kama waya wenyewe ni mita nne, hata kama anayeingia ni wewe, hata kama hifadhidata ni yako na jengo ni la mjomba wako. Ningekuwa na akaunti isiyo na DROP siku ile, mstari wa kwanza wa lile faili ungenirudishia 1142, nikakasirika, nikatukana kidogo, nikaangalia kichupo, nikaona niko kwenye seva. Kosa unalotaka kuliondoa leo ndilo ambalo lingeniokoa.

Fanya hivi. Ukiwa kwa bursa, si kwenye seva, andika:

SELECT USER(), CURRENT_USER(), @@hostname, DATABASE();
SHOW GRANTS;

USER() ni jinsi ulivyojitambulisha. CURRENT_USER() ni akaunti ambayo seva imekulinganisha nayo, na hapo ndipo utaona ajabu. Kwa MySQL, 'bursa'@'localhost' (aliyekaa kwenye seva yenyewe) na 'bursa'@'192.168.1.%' (anayetoka kwenye mtandao wa ndani) ni watu wawili tofauti, kama Musa wa Mbale na Musa wa Masaka. Wa kwanza ulimpa kila kitu siku ya kufunga mfumo, ndiyo maana kwenye seva unaunda jedwali bila kelele. Wa pili mtu alimpa SELECT, kusoma tu, akaondoka. Nina hakika karibu yote kwamba ndivyo ilivyo kwako, maana unasoma data na kuunda huwezi.

@@hostname inakwambia uko ndani ya mashine gani. Mimi siku hizi naiandika kabla ya kila CREATE, kama mtu anayegusa mfuko kuona simu ipo kila akishuka kwenye teksi Old Park.

Halafu nenda kwenye seva, ingia kama root pale pale, umpe Musa wa pili anachohitaji:

GRANT SELECT, INSERT, UPDATE, CREATE ON shule.* TO 'bursa'@'192.168.1.%';

Badilisha shule liwe jina la hifadhidata yako, na sehemu ya baada ya @ iwe ile ile uliyoiona kwenye CURRENT_USER(). Ukikosea hapo, MySQL 8 itakwambia huwezi kuunda mtumiaji kwa GRANT, na itakuwa sahihi. Jedwali lako likiwa na funguo za kigeni (foreign key) kwenda la wanafunzi, ongeza REFERENCES. Faharasa (index) zilizomo ndani ya CREATE TABLE hazihitaji ruhusa nyingine. Ukija kutaka kubadilisha safu baadaye, utadai ALTER, tutaongea siku hiyo. DROP usiongeze. TRUNCATE, ya kumwaga data yote ya jedwali, nayo inapita kwenye mlango huo huo wa DROP, kwa hiyo umefunga viwili kwa kufuli moja.

FLUSH PRIVILEGES, ya kusoma upya ruhusa, huihitaji baada ya GRANT, hata kama kila video inaiimba. Funga Workbench kwa bursa, ingia upya, jaribu.

Na kama tayari umeshaunda root@'%' (sema ukweli, hatukupigi), DROP USER 'root'@'%'. Leo, si Jumatatu. Ila hakikisha kwanza root@localhost yupo na unaweza kuingia naye, usije ukajifungia nje halafu ukaja kunilaani. Aliyekubandikia ile amri, kwa njia, ameinakili ya zamani: ile yenye IDENTIFIED BY ndani ya GRANT, MySQL 8 haiikubali tena, ingekupa 1064, kosa la sarufi ya amri. Mara moja moja makosa ya watu yanatulinda dhidi ya ushauri wao.

Amri za kufuta zifanyie kwenye seva yenyewe. Panda ngazi. Ngazi zinakupa muda wa kufikiri, nami ningezipanda kabla badala ya baada.

Lile la herufi kubwa: seva za Linux zinatofautisha Wanafunzi na wanafunzi, Windows haijali. Andika yote kwa herufi ndogo. Ya IP na Wi-Fi wenzangu watakujibu, rolex yangu imeshapoa na boda ananipigia honi.

Bandika hapa majibu ya zile amri mbili, nywila usiiweke. Na unitajie hifadhidata ya majaribio umeiitaje.