Si lazima kusubiri miaka 7
Umeuliza kwa nini mbunge wa Uingereza ahangaikie mali za watu waliopotea, ilhali huko, kama ilivyo katika Sheria ya Ushahidi hapa Kenya, mtu asiyesikika kwa miaka 7 huweza kuhesabiwa kuwa amefariki. Ndugu yangu, tatizo ni hiyo miaka yenyewe: mkopo wa nyumba na kodi ya halmashauri huendelea kudaiwa, barua za benki hurundikana nyuma ya mlango, na mzazi anayepiga simu kuomba malipo yasimamishwe huambiwa kwamba akaunti si yake. Mswada wa mbunge huyo, Kevin Hollinrake, ulizaa sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Julai 2019 katika England na Wales. Kwa kawaida, siku 90 zikishapita tangu mtu apotee, jamaa anaweza kuiomba Mahakama Kuu imteue kusimamia mali hiyo kwa muda usiozidi miaka 4, akitenda kwa manufaa ya aliyepotea. Msimamizi huyo si mrithi, na hilo ndilo ninalolithamini zaidi, kwa kuwa familia hailazimiki kumwita marehemu mtu ambaye bado inamsubiri.