Daftari Kabla ya Upanga: Kwa Wanaotaka Kumwandika Nahodha Mwanamke wa Maharamia

Tangu nilipotangaza kwamba riwaya yangu kuhusu Zheng Yi Sao, mwanamke wa Kichina aliyeongoza maharamia mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, imekubaliwa kuchapishwa, nimepokea pongezi nyingi, na katikati ya pongezi hizo swali moja linalostahili jibu refu. Binti mmoja, ambaye kwa heshima yake simtaji, ameniandikia: “Shikamoo Bi. Nami nataka kuandika hadithi ya mwanamke aliyekuwa nahodha wa maharamia, lakini kila nikianza najikuta naandika sinema. Nianzie wapi?” Marahaba, mwanangu. Nitakujibu hadharani, kwa sababu najua kwamba wengi wenu mnaonisoma mna hadithi ya bahari iliyokaa kifuani ikisubiri siku yake. Jibu lenyewe ni fupi: anzia kwenye daftari. Maelezo yake ndiyo marefu.

Zheng Yi Sao alizaliwa kusini mwa China, katika jimbo la Guangdong, karibu na mwaka 1775, na mwaka 1801 akaolewa na Zheng Yi, mtu wa ukoo ulioishi kwa uharamia. Siku zile maharamia wa Guangdong walikuwa wakipiganishwa kwa malipo na watawala wa Tay Son wa Vietnam, ambao waliwapa vyeo, silaha na bandari za kukimbilia. Utawala huo ulipoangushwa mwaka 1802, maharamia walirudi kwao bila mlinzi, wakaanza kunyang’anyana wao kwa wao, mpaka mwaka 1805 viongozi saba walipoandikiana mkataba. Mmoja alijisalimisha kwa serikali muda mfupi baadaye, wakabaki sita, kila mmoja na kundi lake la majahazi na bendera ya rangi yake: nyekundu, nyeusi, nyeupe, kijani, buluu na njano. Zheng Yi alishika ile nyekundu, iliyokuwa na nguvu kuliko zote.

Sasa tazama mkataba huo ulisema nini, kwa maana hapa ndipo waandishi wengi wanapopita mbio wakikimbilia mizinga. Haukuzungumzia ushujaa. Ulisema kwamba kila chombo kiandikishwe, na kwamba namba yake iandikwe kwenye omo ili ionekane. Ulieleza nani ana haki ya mzigo uliotekwa, na atakayemnyang’anya mwenzake atalipa nini. Ni mkataba wa makarani. Zheng Yi alipofariki mwezi wa Novemba mwaka 1807, aliacha nyuma makumi ya maelfu ya watu waliokuwa wakila kutokana na mkataba huo, na mjane ambaye hakuwa na cheo chochote kilichoandikwa popote.

Mjane huyo hakuruka juu ya sitaha na upanga mkononi. Alianza na jamaa wa marehemu mumewe, akahakikisha wako upande wake kabla hawajawa upande wa mtu mwingine. Kisha akawashika viongozi wa bendera nyingine, ambao kila mmoja alikuwa na sababu ya kutaka ushirika uendelee. Na kundi la bendera nyekundu akamkabidhi Zhang Bao, kijana aliyekuwa mtoto wa mvuvi, aliyetekwa na Zheng Yi na kufanywa mwanawe wa kulea. Baadaye Zheng Yi Sao alikuja kuolewa na kijana huyo. Najua mnachofikiria, na najua pia kwamba mkipewa nafasi mtaandika sura tatu juu ya ndoa hiyo na aya moja juu ya mengine. Msifanye hivyo. Ndoa hiyo ilikuwa sehemu ya utawala, kama ilivyokuwa kwa wafalme wengi ambao hakuna anayewauliza kuhusu mapenzi yao.

Haya sikuyajua kwa usomi. Kabla sijawa mwandishi nilikuwa karani wa mnada kwenye diko la samaki, pwani ya Tanga, na kazi yangu ilikuwa kuandika: chombo kimeingia na kilo ngapi, nani amenunua, mafuta yamechukuliwa kwa nani, barafu inadaiwa kiasi gani, na baada ya gharama zote kuondolewa, tajiri wa chombo apate ngapi na mabaharia wagawane ngapi. Manahodha walinizidi nguvu, sauti, umri na, kwa mtazamo wao, akili. Wengine hawakuitikia salamu yangu mpaka nilipofungua daftari. Lakini hapakuwa na nahodha aliyeondoka kabla sijamsomea mgao wake, na ugomvi wa watu wazima wenye visu viunoni ulimalizika pale niliposema, “Imeandikwa hivi.” Nilijifunza hapo kwamba baharini anaogopwa mwenye nguvu, lakini anayetiiwa kwa muda mrefu ni yule ambaye watu wanaamini hesabu yake. Kwa hiyo niliposoma kwa mara ya kwanza habari za mwanamke wa Guangdong ambaye bila maombi yaliyoandikwa hakuruhusu jambo lolote lifanyike, na ambaye kila kilichotekwa kilipaswa kuingizwa kwenye daftari la ghala, nilimfahamu hapo hapo.

Habari hizo zimetoka kwa Yuan Yonglun, Mchina aliyeandika historia ya maharamia hao na kuichapisha mwaka 1830, wakati wengi waliowaona kwa macho walikuwa bado hai. Kwa maelezo yake, katika kila mafungu kumi ya mzigo, mawili yalikwenda kwa aliyeteka na manane yakaingia katika ghala la wote. Aliyeiba kutoka kwenye ghala hilo aliuawa. Aliyeshuka nchi kavu bila ruhusa alitobolewa masikio mbele ya wenzake, na akirudia aliuawa. Aliyemwingilia mateka wa kike kwa nguvu aliuawa pia. Yuan anaziweka amri hizi kinywani mwa Zhang Bao, na waandishi wa baadaye wakazihamishia kwa mwanamke, kwa sababu hadithi inapendeza zaidi hivyo. Mimi katika riwaya yangu nimemwachia Zhang Bao azitangaze, kwa kuwa Yuan huyo huyo anasema kwamba Zhang Bao hakufanya jambo bila kwanza kushauriana na mama huyo, na kwa mwandishi anayejua kazi yake, mtu anayeshauriwa kabla ya amri kutolewa ni mtamu kuandikwa kuliko anayepiga kelele sitahani.

Huo ndio ukurasa uliofanya riwaya yangu irudishwe kabla haijakubaliwa kwingine. Mhariri wa nyumba moja ya uchapishaji, ambayo siitaji, aliniita ofisini kwake akaniambia kwamba sura yangu ya kwanza inanuka ghala. Alitaka nifungue kwa mapigano, na mwanamke huyo awe amependwa na mtu kabla ya ukurasa wa kumi. Kisha, nilipokuwa nakusanya karatasi zangu, akaniuliza msomaji wa Kiswahili anamhitaji Mchina wa nini. Nakiri kwamba maneno hayo bado yananiuma, na kwamba siku nilipopata barua ya kukubaliwa kwingine nilimfikiria yeye kabla sijamfikiria mama yangu. Sisi tuliolelewa kwenye upepo wa kusi na kaskazi, ambao babu zetu walipishana baharini na watu wa Bara Hindi, Uajemi na Oman, ndio tuambiwe kwamba jahazi la Kichina haliwezi kutuhusu? Nahodha ni nahodha. Tanga likipasuka, linapasuka kwa wote. Mwandishi, usikubali kupunguziwa bahari.

Nirudi kwenye ushauri. Ukishaandika daftari, andika sitaha, na kwa hilo unaye shahidi mzuri. Richard Glasspoole alikuwa ofisa wa meli ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliyoitwa Marquis of Ely. Alitekwa na maharamia hao mwezi wa Septemba mwaka 1809 akakaa nao hadi Desemba, na akaandika aliyoyaona. Anasema hawakuwa na makao nchi kavu, bali waliishi ndani ya vyombo. Nahodha na wake zake walikaa upande wa tezi, na kila baharia alikuwa na nafasi ya kama futi nne kwa nne, ambamo alijibanza na mkewe na watoto wake. Panya waliachwa wazaane kwa makusudi, kwa sababu walikuwa kitoweo. Kuna majuma matatu ambayo yeye na wenzake walikula viwavi waliochemshwa pamoja na wali. Walipopumzika, maharamia walicheza kamari na kuvuta afyuni. Na katika mapigano, anaeleza kwamba mke wa mkuu wao alikuwa akimnyunyizia yeye, Glasspoole, maji ya kitunguu saumu mara kwa mara, kwa kuwa waliamini yanazuia risasi.

Habari hiyo ya kitunguu saumu nilipoisoma nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Mwanamke wa sinema hanyunyizi mtu maji ya kitunguu. Mwanamke wa kweli, ambaye mateka huyu wa Kiingereza ni mali yake yenye bei, anamtunza kama mali, na huenda pia anamwonea huruma, na mambo hayo mawili hayapingani ndani ya mtu mmoja. Bei yenyewe ilikuja kulipwa: marobota mawili ya kitambaa kizuri, masanduku mawili ya afyuni, mapipa mawili ya baruti, darubini moja, na iliyobaki dola taslimu. Orodha kama hiyo usiifupishe kamwe katika hadithi yako. Msomaji akijua kwamba darubini ilikuwa sehemu ya fidia ya binadamu, hatahitaji kuelezwa kwamba ulimwengu huo ulikuwa na ukatili.

Na ukatili ulikuwapo; usinisome nusu. Dada zangu wengi wanaoandika habari za wanawake wenye nguvu wana tabia ya kuwaosha, na hilo nitalikemea hata mkinikasirikia. Glasspoole huyo huyo anaeleza jinsi walivyovamia kijiji, wakachukua wanawake, na wale ambao ndugu zao hawakuweza kuwakomboa wakauzwa kwa mabaharia kwa dola 40 kila mmoja. Baadhi yao walijitupa majini wakafa kuliko kukubali. Mnunuzi alilazimika kumtunza aliyemnunua kama mke halali, na angeuawa kama angemtelekeza. Huo ndio uliokuwa ulinzi wa wanawake chini ya uongozi wa mwanamke: kanuni safi, imeandikwa vizuri, na mtu amekwisha kuuzwa. Ukimwandika Zheng Yi Sao bila dola hizo 40, umeandika bango. Daftari linaloonyesha uwezo wake ndilo linaloonyesha dhambi yake, na mwandishi mwenye woga hawezi kulifungua ukurasa mmoja na kuufunga mwingine.

Kuhusu vita sitakaa sana. Mwezi wa Novemba mwaka 1809 Zhang Bao alizingirwa kwenye ghuba ya Tung Chung, kisiwani Lantau, na vyombo vya serikali ya China pamoja na vya Wareno wa Macau, akafanikiwa kutoroka. Nimeyaandika mapigano hayo kwa kurasa chache tu, kwa sababu mizinga yote hulia namna moja.

Sura nzima, hata hivyo, nimeitenga kwa ajili ya kujisalimisha kwa Zheng Yi Sao, na nawashauri mfanye hivyo hivyo. Mwezi wa Januari mwaka 1810 kiongozi wa bendera nyeusi, Guo Podai, ambaye alikuwa amegombana na Zhang Bao, alikwisha kukubali msamaha wa serikali. Mazungumzo ya kwanza kati ya bendera nyekundu na Bai Ling, gavana mkuu aliyeteuliwa kuwamaliza, yalivunjika, kwa sababu maharamia walitaka kubaki na sehemu ya majahazi yao. Ndipo mwezi wa Aprili Zheng Yi Sao akaenda Guangzhou, mji mkuu wa Guangdong, mwenyewe, bila silaha, akiwa amefuatana na wanawake na watoto wa maharamia, akaingia mpaka kwa gavana huyo. Waliojisalimisha walikuwa 17,318, wakiwa na majahazi 226 na mizinga 1,315. Watu 126 waliuawa na wengine wakahamishwa. Zhang Bao alipewa cheo katika jeshi la serikali na kuruhusiwa kubaki na baadhi ya vyombo, yaani jambo lile lile lililovunja mazungumzo ya kwanza.

Mwanangu uliyeniandikia, keti na sura hiyo hata kama itakuchosha. Jiulize mama huyo aliingia mle ndani akijua nini ambacho gavana hakukijua. Alijua idadi. Alijua ana watu wangapi, wanakula kiasi gani, baruti imebaki ya siku ngapi, na serikali itatumia fedha kiasi gani kuwafuata wote baharini. Mwandishi asiyejua idadi hizo, au asiyezitafuta, atamfanya alie mbele ya gavana, na wasomaji watampigia makofi, na atakuwa amemsingizia. Someni, jamani. Hesabuni. Acheni kuandika wanawake wanaoshinda kwa machozi na urembo kisha mkalalamika kwamba wanaume hawatuamini.

Baada ya hapo hadithi nyingi humwacha, kana kwamba alikufa siku aliposhuka chomboni. Hakufa. Mwaka 1813 alizaa mtoto wa kiume. Zhang Bao alipanda vyeo na akafariki mwaka 1822, akiwa kazini katika visiwa vya Penghu. Mjane wake, mara ya pili mjane, akarudi Guangdong akaishi hadi mwaka 1844. Na mwaka 1840 alikwenda kumshtaki ofisa mmoja wa serikali, akidai kwamba tangu mwaka 1810 mtu huyo alikuwa amekula tael 28,000 za fedha (tael ni kipimo cha Kichina cha uzito wa madini ya fedha, kilichotumika kama pesa) alizokabidhiwa na Zhang Bao ili awanunulie mali. Gavana mkuu wa wakati huo, Lin Zexu, aliitupilia mbali kesi hiyo. Miaka 30 ilikuwa imepita, mume amekufa, vyombo vimekwisha, naye bado anaikumbuka hesabu mpaka tarakimu ya mwisho.

Kesi hiyo ndiyo sura yangu ya kumalizia. Mchapishaji wangu mpya, ambaye ni mtu mwema, ameniomba niifupishe ili riwaya iishie kwenye kujisalimisha, na nimemjibu kwa barua ya heshima kwamba sitaondoa hata tael moja.