Jalada la Metal Gear ya 1987
Ndugu, kwa swali lako kama jalada la gemu ya video Metal Gear ya MSX2, kompyuta ya nyumbani ya zamani (1987), lilichorwa kutoka picha ya mtu mwingine: ndiyo. Liweke kando ya picha ya mwigizaji Michael Biehn akiwa Kyle Reese kwenye filamu ya The Terminator (1984). Mkao ni uleule, na bunduki kainua vilevile. Gemu iliyofuata, Metal Gear 2 (1990), ndiyo ilizidi kwa kuiga: mhusika Big Boss ana sura ya mwigizaji Sean Connery, na Snake, shujaa wa gemu, ana sura ya mwigizaji Mel Gibson. Sura hizo zilibadilishwa gemu ilipotolewa upya ndani ya Metal Gear Solid 3: Subsistence, 2005. Mimi naipenda sana Metal Gear, lakini aliyepiga picha ile ya Biehn alistahili kutajwa.