Mtoto alishaacha kukojoa kitandani, kaanza tena

Dada yangu, pole, na hongera kwa kutomchapa. Umesema mwanao wa miaka 7 alilelewa na bibi yake Same tangu akiwa mchanga, huu ni mwezi wa tatu yuko kwako Dar, anakojoa kitandani na hataki kumwita mumeo baba.

Kwanza mpeleke zahanati wapime mkojo na sukari, maana UTI na kisukari huweza kuanza hivyohivyo. Wakikuta yuko salama, basi tuambiane ukweli: kwako wewe amerudi nyumbani, kwake yeye amehamishwa. Mama aliyemjua ni bibi.

Mimi nililetwa Mbagala nikiwa na miaka 8. Shuka likilowa nalikunja, nalisukuma uvunguni, naenda shule nanuka. Kilichonituliza ni baba wa kambo kununua vocha kila Jumapili nimpigie bibi. Nilikuwa namuuliza habari za mbuzi tu, basi.

Kwa hiyo mpigie bibi, waongee mpaka wachoke. Hilo la "baba" liache, amwite anko hata miaka miwili. Anayemcheka asubuhi (nyumba za kupanga hawakosekani) mkataze mbele ya mtoto. Mwalimu wa darasa mdokeze pia.

Ila ukiona anaogopa kubaki na mtu fulani, usimlazimishe hata siku moja. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au muone ofisa ustawi wa jamii.